Bahasha Moja kwa Miaka Thelathini na Mitatu

Bi. Coralie Greenidge, mkuu wa ngazi ya kupandia na kushukia katika meli yetu ya Lady Itchen, alistaafu Ijumaa tarehe 14 Machi 2025 katika bandari ya Bridgetown, Barbados, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Alipanda meli mara ya kwanza Southampton, Novemba 1991, siku ya mvua, akiwa na sanduku moja na koti la kuazima. Alishuka mara ya mwisho nyumbani kwao, juani, akiwa na kipande cha keki mkononi. Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike wasifu wake katika ukurasa mmoja. Nilimjibu kwamba ukurasa mmoja hautoshi hata kwa vicheko vyake, na kama anataka wasifu mfupi amtafute mtu ambaye hakufanya naye kazi.

Mimi ni Ralph Pragnell, msaidizi wake kwa miaka kumi na miwili, na tangu Ijumaa ile ndiye niliyerithi kiti chake pale ngazini. Nakiri mapema kwamba katika habari hii kuna mjinga mmoja, na mjinga huyo ni mimi. Wenzangu wamenishauri nilifiche jambo hilo. Haliwezi kufichika, kwa sababu abiria elfu moja na mia mbili walilishuhudia kwa macho yao na wengine walipiga picha.

Bi. Greenidge alizaliwa Speightstown, kaskazini mwa kisiwa, kwa mama mshonaji. Akiwa na miaka ishirini na saba alikwenda Uingereza kukaa na shangazi yake huko Portswood, Southampton, katika nyumba ambayo dirisha lake la juu lilionyesha mabomba ya moshi ya meli zilizofunga gatini. Shangazi alitaka asomee uuguzi. Yeye alitazama dirishani wiki tatu, kisha akaenda kuomba kazi. Alipewa kazi ya udobi. Chumba cha dobi kiko chini kabisa, hakina hata kidirisha, na kwa miaka mitatu ya mwanzo Bi. Greenidge alivuka Atlantiki kwenda na kurudi bila kuiona. Alipokwenda likizo kwao watu walimuuliza bahari kuu ikoje, akawaambia inanukia sabuni.

Januari 1995 mlinzi mmoja wa ngazi aliugua Madeira, na mkuu wa wakati huo akahitaji mtu haraka. Dobi mmoja alisifika kwa kujua kila shati ni la nani bila kusoma lebo. Wakamleta juu. Ikaonekana kwamba aliyejua mashati alijua na nyuso, na hakurudishwa chini tena.

Kwa wale wa ofisini wasiokuja bandarini, nieleze kidogo kazi yenyewe. Abiria akishuka kisiwani kadi yake inapitishwa mashineni, na akirudi inapitishwa tena. Saa ya mwisho ya kurudi ikifika, mashine inatoa orodha ya waliobaki nchi kavu. Kwa kawaida huwa na majina matatu manne, na wenye majina hayo huonekana wakija mbio gatini huku abiria wenzao wamejipanga sitahani wakiwashangilia na kuwazomea. Hiyo ndiyo burudani kubwa ya safari nzima, kuliko hata wanamuziki. Asiyetokea, pasipoti yake hutolewa kwenye kasha la chumbani kwake, inatiwa katika bahasha ya kaki, na mkuu wa ngazi anashuka kumkabidhi wakala wa bandari. Bahasha ikishabadili mkono, ngazi inavutwa na meli inaondoka. Atakayefika baada ya hapo atachukua pasipoti yake kwa wakala na kutafuta ndege.

Katika wiki ya tatu ya kazi yake mpya, Bi. Greenidge aliiona bahasha ikitolewa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya Bw. Horace Tilley wa Eastleigh, mgane wa miaka sabini na minane, aliyepitiwa na usingizi kwenye kivuli cha kanisa pale Bridgetown. Mzee alifika gatini meli imeshaachia kamba. Waliokuwa sitahani wakapiga vigelegele na kumwita akimbie. Hakukimbia. Alivua kofia yake ya majani akaanza kuwapungia.

Hadithi hiyo alinisimulia mara nyingi, na kila mara aliishia palepale. “Angetutukana ningelala usingizi wangu,” alikuwa akisema. “Lakini alipunga kofia, Pragnell. Alipunga kama vile sisi ndio tumeachwa.”

Bw. Tilley alifika kwao salama baada ya siku mbili na akatuma kadi ya salamu. Lakini Bi. Greenidge alipokabidhiwa ngazi mwaka 1997 alitamka mbele ya zamu nzima kwamba mikononi mwake bahasha haitatoka. Watu walicheka. Meli zote huacha watu, tena zile kubwa huacha kila wiki. Miaka ikapita, bahasha haikutoka. Ikapita mingine. Kufikia siku ninayokwenda kuieleza, Lady Itchen ilikuwa imefunga kamba Bridgetown mara mia na themanini chini ya uangalizi wake, na hajaachwa hata mtu mmoja.

Siri yake ilikuwa daftari la jalada jekundu lenye namba za simu. Kisiwani humo alikuwa na wenye vilabu vya ramu, wakodisha viti vya ufukweni, akina mama wa kanisa, madereva wa teksi na kinyozi mmoja wa Holetown aliyekuwa na macho makali kuliko sisi sote. Simu zilianza kuingia mapema kila tulipofunga gatini. Nakumbuka mmoja wa wenye viti akiuliza, “Coralie, kuna abiria wako hapa amelala tangu asubuhi. Upande mmoja umeshaiva. Nimgeuze, au unakuja kumchukua?”

Wengine hawakutaka kuchukuliwa. Mwaka 2008 mzee na bibi waliokutana katika darasa la dansi humuhumu melini walijifungia kwenye kilabu cha ramu na kutangaza kwamba Uingereza hawarudi, watazeeka hapo pamoja. Wote wawili walikuwa wamepita sabini. Bi. Greenidge alikwenda mwenyewe. Hakuwafokea. Aliagiza soda ya tangawizi, akakaa nao, akawaombea heri. Kisha akasema, “Mimi siwazuii kupendana. Ila dawa ya presha ya babu iko chumba 614.” Waliinuka bila kumaliza glasi zao.

Mashine nazo alizinyoosha. Mtambo mpya wa kadi ulipofungwa mwaka 2011, ofisi ilimtuma kijana mwenye tai aje kumfundisha. Saa ya kuondoka ilipofika, mtambo ukasema wote wamo. Bi. Greenidge akasema amepungua mmoja. Kijana akamwonyesha kioo cha mtambo: namba ile pale, imetimia. Mama Ngazi, kama tulivyozoea kumwita, akakataa kuivuta ngazi. Baada ya dakika kumi na tano wakampata bwana mmoja wa Winchester bado yuko baa ya nje ya lango la bandari. Kadi yake alimpa mkewe aipitishe, ili apate glasi mbili za ziada. “Mashine yako inahesabu kadi,” alimwambia yule kijana kwa upole kabisa. “Mimi nahesabu watu.” Kijana alirudi Southampton bila kumpa cheti, na mama hakukiulizia.

Nisimpambe kupita kiasi. Alikuwa mbishi. Chai yake ilikuwa na sukari ya kutosha watu watatu. Katika dhumna alikuwa mwizi wa mchana kweupe, anapiga jiwe mezani kwa kishindo ili usione lile aliloficha kiganjani, na ukimshika anakuuliza kama mama yako anajua kwamba unawasingizia watu wazima. Na alikuwa na wimbo mmoja tu wa kutuimbia kila siku, nao ulihusu saa.

Tunapotoka Southampton kuelekea magharibi tunarudisha saa nyuma usiku baada ya usiku, na abiria wetu wazee hufurahia sana ile saa ya ziada ya kulala. Lakini nahodha ndiye mwenye saa. Safari nyingine, ili kurudi mashariki kusitulemee, anaiacha meli ikiwa saa moja mbele ya kisiwa. Siku kama hizo mtu anayefuata saa za kisiwa amekwisha. Kwa miaka kumi na miwili ni mimi niliyeandika kibao cha ngazini kwa chaki: muda wa kurudi, na chini yake, kwa herufi kubwa, SAA ZA MELI. Ni mimi niliyewacheka waliochelewa na kuleta udhuru uleule, kwamba simu imejibadilisha yenyewe. Bi. Greenidge hakuruhusu mtu wa zamu yake kushuka bila saa ya mkononi, ile ya kutia ufunguo. “Simu haina msimamo,” alituambia. “Ikishafika kwa watu inafuata ya watu.”

Sasa tuje kwenye Ijumaa yenyewe.

Tulikuwa tumepanga sherehe ya siri. Mara abiria wote watakapokuwa wamesharudi, saa kumi na nusu za meli, tungemteremsha kwenye ukumbi wa wafanyakazi akate keki, aage, ndipo ashuke. Na haingekuwa keki ya jikoni kwetu. Mdogo wake, Bi. Ianthe wa Speightstown, alikuwa ameioka keki nyeusi ya matunda yaliyolowekwa kwenye ramu tangu Oktoba, keki ambayo kwao hutokea Krismasi na harusini tu. Kazi ya kuifuata nilipewa mimi. Nilimwambia Anselmo Fernandes, mwenzetu wa zamu ambaye hakuwa katika siri hiyo, anishikie nafasi kidogo kwa sababu nakwenda kununua utepe. Asubuhi hiyo niliandika kibao: mwisho wa kurudi saa kumi na nusu, saa za meli. Nikakipigia mstari mara mbili. Kisha nikashuka.

Bi. Ianthe alinipokea kama mwana aliyepotea. Keki ilikuwa bado kwenye sufuria lake, inataka kutolewa kwa mikono minne. Nikavua saa yangu, nikaiweka kando ya karo, nikanawa. Tukaitoa salama, tukaifunga kwa karatasi na kitambaa cheupe. Ikawa sasa siwezi kuondoka bila kula, maana ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa katika nyumba ile ni ugali wa bamia na samaki warukao, mchuzi pembeni. Nikachungulia simu mezani. Ilisema saa nane na nusu. Nikapiga hesabu: nina saa mbili nzima. Nikaomba sahani nyingine.

Mtu niliyeandika kibao kwa mkono wangu. Nikifikiria hadi leo masikio yananiwaka moto.

Yaliyotokea ngazini nimeyapata kwa Anselmo, na yeye hana kawaida ya kutia chumvi. Saa kumi na nusu mashine ilitoa karatasi. Ilikuwa na jina moja. Bi. Greenidge aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Redioni nahodha Hesketh akauliza hesabu.

“Pungufu mmoja,” akajibu.

“Abiria gani?”

“Si abiria, nahodha. Ni wetu.”

Ifahamike kilichokuwa pale. Siku ya mwisho, hesabu ya mwisho, rekodi ya miaka ishirini na minane mikononi mwake, na anayekwenda kuivunja ni mimi, mtu aliyemfundisha kazi yeye mwenyewe na kumpendekeza kwa barua tatu arithi kiti chake. Kwa kanuni za kampuni, mfanyakazi akiachwa na meli hapewi uongozi wa chochote. Kwa hiyo ningepoteza kiti kabla sijakikalia, na yeye angeistaafu kazi yake kwa kufanya lile moja aliloapa hatalifanya. Rubani wa bandari alikuwa ameshapanda. Nje kulikuwa na meli nyingine inasubiri gati letu. Nahodha alimpa hadi saa kumi na moja na dakika kumi, akamwambia zaidi ya hapo hawezi hata kama ni mama yake mzazi.

Akaandaa bahasha. Aliandika jina langu kwa mkono wake, akatia pasipoti yangu ndani, akashuka nayo mpaka chini ya ngazi, na huku bega limeshika simu akalifungua daftari jekundu. Pale chini alisimama Bw. Cuthbert Alleyne, wakala wa bandari, amenyoosha mkono kama alivyokuwa akiunyoosha miaka yote.

“Bi. Greenidge, kanuni ni kanuni. Nipe.”

“Bado.”

“Miaka kumi na tisa nakunyooshea mkono huu, mama.”

“Basi umeshauzoesha. Ushushe upumzike.”

Dereva wa teksi wa kwanza hakuniona. Wa pili hakuniona. Kinyozi wa Holetown ndiye aliyeniona asubuhi, dirishani mwa basi, mtu mrefu mwenye kikapu kitupu, anaelekea kaskazini. Bi. Greenidge akajiuliza. Kaskazini ni nani anayemjua Pragnell? Akapiga simu ya mwisho, na hiyo niliisikia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa mezani na Bi. Ianthe huwa anaongea na spika.

“Ianthe, Pragnell yuko kwako?”

Bi. Ianthe alijiwekea kidole mdomoni kunionya. Alikuwa ameapa kuitunza siri ya keki, na kwa kweli aliitunza. “Pragnell gani? Niko peke yangu, dada.”

Mimi nilidhani mama anapeleleza siri ya keki tu. Nikanong'ona aniletee pilipili.

“Nani huyo?”

“Paka.”

“Paka anaomba pilipili?”

“Paka wa siku hizi, dada, wamebadilika...”

“Wewe Ianthe! Mwambie huyo paka ni saa kumi na dakika arobaini na tatu, meli inaondoka na pasipoti yake ninayo mkononi!”

Kijiko kiliniponyoka. Niliitazama simu, saa tisa na dakika arobaini na tatu, saa za kisiwa, na hapo ndipo akili iliponirudia yote kwa pamoja. Nilitaka kulia na nilikuwa nimejaza mdomo. Basi la kwenda mjini lilikuwa limeshapita. Bi. Ianthe hakupoteza muda kunipa pole. Alitoka mlangoni akapiga ukelele barabarani, na gari likasimama. Lilikuwa jeusi, refu, linang'aa. Ndani alikuwa binamu yao, Bw. Everton Boyce, mwenye kampuni ya mazishi, ametoka kumzika mtu parokia ya St. Peter na anarudi mjini na gari tupu.

Kiti cha mbele kilikuwa kimejaa mashada ya maua. “Nyuma,” akasema Bw. Boyce. “Lala, usije ukagonga kichwa.” Nikapanda pale wanapopanda wateja wake, keki kifuani, na gari likaondoka.

Pale kisiwani watu wana adabu moja ambayo nitaishukuru hadi mwisho wa maisha yangu. Gari la maiti likipita, magari mengine yanasogea kando na wanaume wanavua kofia. Ijumaa jioni barabara ya pwani hujaa kuanzia Holetown hadi mjini, na ilikuwa imejaa. Bw. Boyce aliwasha taa zake, akakaa wima na uso wa msiba, na njia ikafunguka mbele yetu kilomita baada ya kilomita. Hakuonekana kukimbia hata kidogo. Mwendo aliokuwa akienda sitauandika hapa.

Tuliingia gatini saa kumi na moja na dakika saba, saa za meli. Sitahani abiria walikuwa wamejaa kuanzia mbele hadi nyuma, wakingojea mchelewaji wa kuzomea, na badala yake wakaona gari la maiti linakuja polepole hadi chini ya ngazi. Kelele zikakatika. Kofia zikavuliwa. Bi mmoja wa Bournemouth, nimeambiwa, alianza kusali. Bw. Boyce akashuka, akafungua mlango wa nyuma kwa heshima zake zote, nami nikainuka nikakaa, na keki yangu mapajani.

Ukelele wa kwanza ulikuwa wa yule bi. Iliyofuata ilikuwa shangwe ambayo sijawahi kuisikia katika bandari yoyote. Walipiga makofi, walipiga miguu, walirusha taulo. Nilikimbia hatua zile chache na kitambaa cheupe kinapepea, nikasimama mbele ya Bi. Greenidge. Bahasha yangu ilikuwa bado mkononi mwake. Mkono wa Bw. Alleyne ulikuwa bado umenyooka, haujapewa kitu.

Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Alinitazama kuanzia juu hadi chini, akatazama keki, akaelewa. Macho yake yalijaa machozi, na sikuwahi kuyaona machozi hayo tangu nimjue.

“Saa yako iko wapi?” akauliza.

“Kwa Ianthe. Kwenye karo.”

“Na simu ilisemaje?”

“Ilifuata ya watu, mama.”

Akaichukua kadi yangu mwenyewe na kuipitisha mashineni. Ikalia. Akashika redio, na nawaambia sauti yake ilisikika hadi sitaha ya juu bila kuhitaji redio yoyote. “Nahodha, hapa ngazini. Wote wamo.” Honi ya meli ikajibu mara tatu. Miaka ishirini na minane, na wote wamo!

Zilibaki dakika mbili. Keki ilikatwa palepale gatini kwa kisu cha kukatia kamba, na Bi. Greenidge akapewa kipande cha kwanza, Bw. Boyce cha pili. Vilivyobaki vilipandishwa juu. Kisha mama akaifungua saa yake mkononi, ile ya ufunguo aliyoivaa tangu siku za dobi, akanifunga mimi. “Huku nitavaa ile ya kwenye karo,” akasema. “Nitairekebisha iende na kisiwa.” Akanirudishia na bahasha pia, akaniambia nisiitupe, karatasi hazioti majini. Akachukua sanduku lake, akaipitisha kadi yake kwa kutoka, akashuka.

Nikabaki mimi na kiti. Kanuni inasema kabla ngazi haijavutwa, mkuu wa ngazi atoe orodha. Nikaitoa. Ilikuwa na jina moja: Greenidge, Coralie. Alishuka, hajarudi, na mashine haikujua habari za kustaafu.

Nikafanya kama alivyonifundisha. Pasipoti yake ilikuwa tayari mezani pamoja na karatasi zake za mwisho. Nilichukua bahasha ileile, nikatoa pasipoti yangu nikatia ya kwake, nikalikata jina langu kwa kalamu, nikaandika la kwake chini yake. Nikashuka nikamkabidhi Bw. Alleyne, bahasha ya kwanza ya Lady Itchen tangu mwaka 1997. Yeye akaishika kwa mikono miwili, akageuka nusu hatua, akampa mwenyewe.

Ngazi ikavutwa. Maji yakaonekana kati yetu na gati, membamba, kisha mapana. Abiria hawakuzomea safari hii. Bi. Greenidge alisimama kando ya lile gari jeusi, akavua kofia yake ya kazi, akaanza kutupungia. Alipunga hadi tukashindwa kumtofautisha na Bw. Alleyne. Ndipo nikaelewa alichokiona mwaka 1995 na kwa nini kilimnyima usingizi, kwa sababu ni kweli kabisa, ilionekana kama sisi ndio tumeachwa.

Mama Ngazi, kwa niaba ya sitaha zote, jikoni, mitamboni na chumba cha dobi unachokijua kuliko sisi, tunasema ahsante. Ahsante kwa kila aliyefika kwao kwa sababu ulikataa kuhesabu kadi. Kaa vizuri huko Speightstown, lala mchana, iba dhumna kwa kiasi, na Mungu akupe miaka mingi ya kutazama bahari uliyoivuka bila kuiona. Siku ukipenda kupanda tena kama abiria, chumba kipo. Ila ukishuka kisiwani usome kibao, urudi kwa saa za meli, maana meli haimsubiri mtu.

Nakutania. Wewe tutakusubiri.